Kilomita za mwezi, na waliopita hapa kabla yetu

Ndugu zangu, leo tuzungumzie kilomita. Siyo zile za lami ambazo mawaziri hutusomea bungeni wakati wa bajeti, hizo nimeziandika gazetini mpaka vidole vikaota sugu. Nazungumzia kilomita za miguu.

Kwa wale msioishi Dodoma: siku hizi ukitoka nje saa kumi na moja na nusu alfajiri, iwe Area D, Kisasa, Barabara ya Iringa au kile kilima cha kwenda UDOM, utapishana na watu wanakimbia. Wala si wanariadha. Ni wahasibu, walimu, maofisa ugavi, wanafunzi wa chuo, fundi umeme mmoja ninayemfahamu na dereva wa wizara ambaye bosi wake hajui kwamba dereva wake anamshinda pumzi. Ikifika tarehe mosi, kila mmoja anatuma kwenye kundi la simu jumla ya kilomita zake za mwezi uliopita. 120. 87. 203. 14. Chini ya namba ndipo panapochangamka: goti, kisigino, upepo wa Agosti unaokupiga vumbi la macho, mbwa wa Nzuguni, kikao kilichokwisha saa nne usiku, mtoto aliyekesha na homa. Mimi pia nimo. Jumla yangu huwa kati ya 80 na 100, kiwango cha mtu anayetoka chumba cha habari usiku na bado ana tamaa ya kuishi miaka mingi.

Jirani yangu mmoja, mzee wa Kigogo kutoka Mvumi, aliposikia habari za namba hizi aliuliza jambo moja tu: nani anatulipa? Nilipomjibu kwamba hakuna anayetulipa, tena mashindano tunayaingia kwa kutoa hela yetu, aliniangalia kwa huruma sana.

Swali la mzee siyo la kuchekwa. Kwenye uwanda huu wa kati, watu wamepima umbali kwa miguu kwa muda mrefu mno, na karibu mara zote alikuwepo mtu mwingine aliyekuwa na daftari. Sisi wa leo ndio kituko.

Tuanze na misafara. Karne ya 19 njia kuu ya kutoka pwani kwenda bara ilianzia Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikaingia Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, halafu Ujiji. Shuleni tulifundishwa majina ya wageni waliopita: Burton na Speke mwaka 1857, Stanley 1871, Cameron 1873. Hao wageni walikuwa wachache sana ndani ya misafara iliyojaa wapagazi, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, watu walioufanya upagazi kuwa kazi yenye heshima, yenye masharti, na yenye migomo pia msafara ukikiuka masharti. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60 hadi 70, tuseme kilo 30. Mwenye pembe ya ndovu alibeba zaidi.

Safari ilianza kabla jua halijachomoza na ilisimama kabla ya joto la mchana. Umeona? Ni saa zetu zilezile. Jua la Dodoma halijabadilika na halina mjadala na mtu.

Hebu tufanye hesabu, maana wakimbiaji tunapenda hesabu. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 na kuingia Tabora tarehe 23 Juni. Hizo ni siku 94, kwa njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 800. Ukigawanya, ukiingiza na siku za kulala, za kuugua na za kubishana juu ya ushuru, unapata kama kilomita 260 kwa mwezi. Bingwa wetu wa mwezi ule alikuwa na 203, hana mzigo kichwani, ana viatu vyenye sponji na alirudi nyumbani kunywa chai. Mpagazi asiye na jina kwenye kitabu chochote alikuwa anamwacha mbali.

Kilomita yenyewe haikuwepo. Safari ilipimwa kwa makambi na kwa maji. Kirangozi, yule aliyeongoza mbele, aliyajua makambi kwa majina na alijua baina ya hili na lile mtu anatembea saa ngapi. Sehemu iliyoogopwa kuliko zote upande huu ilikuwa Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa iliyo baina ya Mpwapwa na Ugogo. Hapo wapagazi walikuwa na mbinu yao. Walikunywa na kujaza vibuyu, wakaondoka mchana jua linapoanza kupoa, wakatembea mpaka giza, wakalala bila maji, na alfajiri wakasukuma tena hadi kisima cha upande wa pili. Mwendo huo wa mchana ulikuwa na jina lake, na wasafiri wa Ulaya waliliandika kwenye vitabu vyao kama terekeza.

Leo sisi tukisema telekeza tunamaanisha kumwacha mtu bila msaada. Nikisoma habari za misafara maana zote mbili zinanijia kwa pamoja, kwa sababu aliyeshindwa mwendo kwenye nyika ile aliachwa. Ndui ilipoingia msafarani, wagonjwa walibaki kando ya njia, na wasafiri wameandika jinsi walivyopita kando ya miili na mifupa. Msafara haukuwa na roho mbaya kuliko watu wengine. Ulikuwa na maji ya kutosha siku moja. Posho ya nguo ilitolewa kwa siku na ujira kwa safari, na maiti hafiki kokote.

Na Wagogo wenyewe walikuwa wapi? Walikuwa wanauza. Hawa ni wafugaji na wakulima waliokaa katikati ya njia ambayo huwezi kuikwepa, wakiwa na visima na nafaka, na watemi wao walitoza kila msafara hongo kabla haujavuka. (Hongo ya siku hizo ilikuwa ushuru halali kabisa. Waandishi wa habari tunalijua neno hili kwa maana nyingine, lakini tuyaache hayo.) Baada ya Ugogo ilikuwa Mgunda Mkali, pori la kuelekea Unyamwezi, ndipo wenyeji wa Tabora wakaanza kunusa nyumbani. Kwa hiyo mzee wangu wa Mvumi anapouliza nani analipa, anauliza kwa uzoefu wa mababu. Kwao anayetembea ndiye anayelipa, na aliyekaa ndiye anayepokea. Ukiangalia ada ya kuingia marathoni siku hizi, mzee yuko sahihi.

Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora 1912, na biashara ya upagazi wa masafa marefu kwenye njia hii ikafa. Ilirudi haraka kwa sura mbaya zaidi. Vita ya 1914 hadi 1918 iliwachukua wanaume wa uwanda huu kuwa wabeba mizigo, kwanza wa Wajerumani halafu wa Waingereza, na ng'ombe na nafaka zikachukuliwa pamoja nao. Mvua nayo ikakataa. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, na wanahistoria wanakadiria ilichukua watu 30,000 hivi. Hizo nazo zilikuwa kilomita, na hakuna aliyeulizwa kama anataka kuzitembea.

Nikiruka hadi Uhuru mtanisamehe, katikati sina la kusema linalohusu miguu.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na hapa Dodoma tunayo kambi ya Makutupora. Mwaka 1966 sheria ikawaingiza wasomi JKT kwa lazima, wanafunzi wa chuo wakaandamana Oktoba mwaka huo, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu mia nne. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, nchi nzima ikawa inatembea. Vijana walitembea kutoka mikoani kuunga mkono Azimio. Seti Benjamin, kijana aliyekuwa akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, alifia njiani. Oktoba 1967 Mwalimu mwenyewe alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU, maili 138, yaani kilomita 220 na ushee. Kwenye kundi letu angekuwa ameongoza mwezi ule kwa safari moja tu, na hakuna ambaye angethubutu kumwomba aonyeshe ushahidi wa simu.

Mchakamchaka umetoka kwenye hewa ya miaka hiyo. Sote tuliosoma shule za serikali tunaujua: kabla ya masomo, mistari, wimbo, mmoja anatoa na wengine wanapokea, vumbi, miguu mitupu na mingine ina viatu vya Bata vilivyochoka. Nilipokuwa shule ya msingi kwenye miaka ya 2000 bado tulikuwa tunakimbia hivyo. Hakuna aliyejua tumekimbia umbali gani. Haukuwa na kipimo kwa sababu lengo halikuwa umbali, lengo lilikuwa kwenda pamoja na kuimba kwa sauti moja. Aliyebaki nyuma alikula fimbo. Na kukimbia kuzunguka uwanja ilikuwa pia adhabu ya mchelewaji, kwa hiyo wengi wetu tulimaliza darasa la saba tukiwa tumefundishwa vizuri sana kwamba kukimbia ni kitu unachofanyiwa na mkubwa wako. Rafiki zangu kadhaa waliniambia kwamba walipoanza kukimbia wakiwa watu wazima, miezi ya kwanza walikuwa wakigeuka nyuma kumtafuta mwalimu wa zamu.

Sasa hao wanariadha wetu wakubwa walitokea wapi? Wengi walitokea kaskazini kidogo ya hapa, pale uwanda unapopanda kuelekea Bonde la Ufa. John Stephen Akhwari ni wa Mbulu. Gidamis Shahanga, aliyechukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton mwaka 1978, ni wa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16, ni wa Karatu.

Habari ya Akhwari mnaijua, kwa hiyo nitasema kitu kimoja tu ambacho sisi wa mitaani tunakisahau. Marathoni ya Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, walianza watu 75 na 18 hawakumaliza. Akhwari alianguka, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea, na akamaliza wa 57, wa mwisho, saa moja na zaidi baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Ndugu wakimbiaji wenzangu wa Dodoma, hebu tuambiane ukweli. Wa mwisho wa Mexico, akiwa na goti bovu na kwenye hewa nyembamba ya mita 2,200, angekuwa wa kwanza kwenye kundi letu, tena sisi tukiwa wazima wa afya.

Lakini mtu ninayetaka kumkalia leo ni mwingine. Katika kundi letu niliuliza nani anajua Mtanzania aliyewahi kushinda marathoni ya New York. Wawili walijibu. Nikauliza kazaliwa wapi. Hakuna aliyejibu. Kazaliwa hapahapa Dodoma, mwaka 1957. Juma Ikangaa.

Ikangaa alikuwa ofisa wa JWTZ, mtu mfupi, mwepisi, na mwenye tabia moja ya mbio ambayo watu waliomwona hawaisahau: alikuwa anakaa mbele. Hakusubiri. Bunduki ikilia anaondoka, na anayetaka kushinda itambidi amfuate. Kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola Brisbane mwaka 1982 alimburuta Robert de Castella wa Australia, mtu aliyekuwa nyumbani kwao, karibu mbio nzima. De Castella akampita mwishoni, 2:09:18 kwa 2:09:30. Desemba 1983, Fukuoka, alishindwa na Toshihiko Seko wa Japani kwa sekunde tatu. Olimpiki ya Los Angeles 1984 akawa wa sita, Seoul 1988 wa saba. Tokyo alishinda mara mbili, 1984 na 1986, na ile ya pili kwa 2:08:10.

Halafu Boston. Aprili 1988 alikwenda bega kwa bega na Ibrahim Hussein wa Kenya hadi mtaa wa mwisho. Hussein 2:08:43, Ikangaa 2:08:44. Sekunde moja baada ya kilomita 42 na mita 195! Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston, na jina hilo lingeweza kuwa la mtu wa Dodoma kama angenyoosha hatua moja zaidi. Mwaka 1989 akarudi, akawa wa pili nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 akarudi tena, wa pili tena, safari hii mbele yake akiwa Gelindo Bordin wa Italia. Miaka mitatu mfululizo wa pili kwenye mbio ileile. Mimi nafikiri kuna watu wangeacha kazi kabisa wakafungua duka.

Katikati ya hizo Boston ndipo ilipo New York ya tarehe 5 Novemba 1989. Iliandikwa wakati ule kwamba kwa maandalizi yake alijichimbia Alamogordo, jimbo la New Mexico, akikimbia zaidi ya maili 200 kwa wiki. Igeuze: ni kilomita 320 na ushee kwa wiki, kama 46 kwa siku, kila siku marathoni na kiporo chake. Sisi wengi wa kilomita 100 kwa mwezi, mwezi wetu mzima ni siku mbili za Ikangaa na kipande cha asubuhi ya tatu. Alishinda kwa 2:08:01, wa pili Ken Martin wa Marekani akiwa dakika moja na nusu nyuma. Ilikuwa rekodi ya mbio ile na ilidumu hadi 2001, Tesfaye Jifar wa Ethiopia alipoivunja.

Katika mazungumzo ya wakimbiaji jina la Ikangaa hutajwa kwa lile wazo lake kwamba hamu ya kushinda haina maana kama huna hamu ya kujiandaa. Wamarekani wamelichapa kwenye fulana. Mimi huwa nasita kidogo wazo hilo linapofika kwenye kundi letu, maana hufika kila mtu anapotuma namba ndogo. Anayelitupa husahau kwamba mwenye wazo alijiandaa vilevile kwa zile Boston tatu. Kilomita zilimpa New York na zikamnyima Boston, na zilikuwa kilomita za mwili uleule.

Tena alikuwa askari. Muda wa mazoezi ulikuwa ndani ya kazi yake. Karibu wanariadha wetu wote wakubwa waliishi hivyo, jeshini, na hadi leo ndivyo ilivyo kwa wengi. Hili wala silisemi kwa kulaumu, bila jeshi tusingekuwa na riadha. Nasema tu kwamba mkimbiaji aliyekuwa anahesabu kwa hiari yake, kwa muda wake, baada ya kazi na kabla ya kazi, hakuwepo sana hapa kwetu mpaka juzi.

Juzi yenyewe ni lini? Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na kwa zaidi ya miaka 40 uamuzi ulikaa kwenye makaratasi zaidi kuliko kwenye nyumba. UDOM ilianza 2007 ikaleta vijana kilimani Chimwaga. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, na malori ya samani za wizara yakaanza kupanda. Mwishoni mwa mwaka huohuo Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, akazindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Watumishi waliotoka Dar walikuja na vikundi vyao vya jogingi, vyenye fulana na nyimbo, mchakamchaka wa watu wazima ambao safari hii hakuna mwalimu nyuma. Wengi walikuja peke yao, familia zikabaki Dar kwa ajili ya shule. Mtu wa miaka 38 amekaa chumba cha kupanga Ipagala, hana ndugu, hana bahari, jioni upepo unavuma. Akianza kukimbia utamshangaa? Mwaka 2020 NBC Dodoma Marathon ikaanza, yenye mbio za kila kimo hadi kilomita 42, na fedha zake zikaelekezwa kwenye mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mkimbiaji wa Dodoma akapata tarehe ya kuihesabia.

Sasa barabara ya mzunguko wa nje nayo imeingia kwenye hesabu zetu. Jiwe la msingi liliwekwa Februari 2022, urefu wake kilomita 112.3. Mzunguko mmoja tu ni mwezi mzima wa mtu wa kawaida. Kuna wenzetu wanaota kuikimbia yote kwa vipande, Jumamosi kwa Jumamosi. (Kuna mmoja alituma kilomita 38 za asubuhi moja kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana hata Boston. Ilibainika simu ilikuwa kwenye bodaboda. Bado anataniwa.)

Kwenye zile namba za tarehe mosi, kuna kitu nilichelewa kukiona. Namba ndogo nyingi ni za wanawake. Mwanzoni niliona ni mambo ya pumzi, kisha nikasikiliza malalamiko yao vizuri, na hayakuwa ya goti. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ni saa ya giza, na giza la Barabara ya Iringa kwa mwanaume na kwa mwanamke si giza moja. Ni saa ya chai ya watoto, sare na gari la shule. Mwenzetu mmoja huzunguka nje ya ukuta wa nyumba yake, mizunguko mpaka inafika kilomita tatu, taa ya kibarazani ikiwa imewashwa. Akituma 31 za mwezi, hizo ni mizunguko ambayo mimi na 90 zangu siwezi hata kuiwaza. Siku moja aliandika sifuri. Alieleza kwa nini, kwa mstari mmoja, na wanawake wengine wanne wakaandika sifuri zao ambazo walikuwa wamezificha kwa miezi. Tangu siku hiyo sifuri zinatumwa kama namba nyingine.

Kwa hiyo nilipojua Ikangaa anafanya nini uzeeni, nilifurahi kuliko nilivyofurahia New York. Akiwa balozi wa hiari wa JICA, lile shirika la Japani, amekuwa mmoja wa watu walio nyuma ya Ladies First, mashindano ya riadha ya wanawake watupu yaliyoanza mwaka 2017 Dar es Salaam. Japani ndiko alikoshinda na kushindwa sana, na urafiki ule ameurudisha kwa wasichana. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin kwa 2:18:41, rekodi ya taifa, na asubuhi ile kundi letu lilipokea picha yake mara kumi na moja. Nilihesabu.

Nimalizie na Singida, maana Kanda ya Kati si Dodoma peke yake. Alphonce Simbu ni wa huko, naye ni askari, na mazoezi yake ameyafanya zaidi upande wa Arusha. Mwaka 2016 alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alichukua shaba ya dunia London. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston, na mimi nikasema basi, Boston inawajua watu wa huku kwetu.

Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, mashindano ya dunia. Huku kwetu ilikuwa saa tisa na nusu usiku imepita, na wale waliokuwa wamepanga kukimbia asubuhi walikuwa wameamka mapema wakaahirisha mazoezi. Simbu aliingia uwanjani pamoja na Amanal Petros wa Ujerumani na Iliass Aouani wa Italia. Mita za mwisho Petros alikuwa mbele, hilo lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Simbu akamfikia kwenye mstari wenyewe. Hakujua kama ameshinda. Alitazama juu kwenye ubao mkubwa na kusubiri mpaka jina lake lilipotokea la kwanza, Mtanzania wa kwanza kuchukua dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde, ndogo kuliko kope kufumba. Petros alikuwa amelala chini kwenye njia nyekundu ya uwanja, na muda wake ulioandikwa ni 2:09:48, sawasawa na wa Simbu.